CO2 kwenye kichocheo cha oksidi ya kromiamu: inaoksidisha kweli, au inakula haidrojeni tu?

#1 Mlinganyo
Salaam wakuu. Niende moja kwa moja.

Propani ikipita juu ya oksidi ya kromiamu iliyobebwa na silika, kwenye joto la karibu 600 °C, inaachia haidrojeni na kuwa propilini: C3H8 → C3H6 + H2. Mmenyuko huu unakula joto, kama 124 kJ kwa moli. Ukiingiza CO2 pamoja nayo, propilini mara nyingi inapanda, na CO na maji yanaonekana kwenye tokeo. Watu wanaandika mlinganyo mmoja, C3H8 + CO2 → C3H6 + CO + H2O, kisha wanaiita CO2 "kioksidishaji laini".

Dai langu: kwa kromiamu, jina hilo halijathibitishwa. CO2 haigusi propani. Inasubiri H2 itoke, ndipo inaila: CO2 + H2 → CO + H2O, yaani mmenyuko wa gesi ya maji ukienda kinyumenyume, 41 kJ kwa moli. Jumlisha 124 na 41 unapata 165, joto lilelile la mlinganyo mmoja. Kwa hiyo joto halitakusaidia kutenganisha njia hizi mbili. Kigezo cha msawazo cha mmenyuko huo wa pili (kinachoonyesha unaweza kwenda mbali kiasi gani) kwenye 600 °C ni karibu 0.4. Ukiwa na moli 4 za CO2 kwa kila moli ya H2, karibu theluthi mbili ya haidrojeni inaliwa. Hiyo inatosha kuuvuta msawazo kuelekea propilini.

Anayepinga alete kipimo. Mchoro wa mzunguko wenye mishale si kipimo.

#2 BintiOksidi
Kipimo cha kwanza ni macho yako. Kichocheo kikitoka tanurini ni cha njano au chungwa: kromiamu yenye chaji +6, imejishika kwenye silika kama kromati. Baada ya dakika chache za propani kinakuwa kijani: +3. Oksijeni ya kromati imeondoka na haidrojeni ya propani, na dakika hizo za mwanzo ndizo zenye utendaji mkubwa kuliko zote. Hapo oksidi imeoksidisha, hakuna ubishi. Swali lililobaki ni kama CO2 inairudisha ile oksijeni. Ukichukua kichocheo kilichogeuka kijani, ukakisafisha kwa heliamu na kukipigia mapigo ya CO2 (vipimo vidogo, kimoja kimoja) bila haidrojeni yoyote, CO inatoka. Haidrojeni ya kuliwa hapo iko wapi, Mlinganyo?

#3 TanuruLaUsiku
@BintiOksidi, haidrojeni haipo lakini masizi yapo. CO2 + C → 2CO. Kichocheo kilichopita kwenye propani kina kaboni juu yake, hivyo CO ya mapigo yako inaweza kuwa imetoka huko. Nami nasema kazi kubwa ya CO2 ni hiyo: kufagia masizi ili vinyweleo visizibe.

#4 Mlinganyo
@TanuruLaUsiku, angalia nambari. Mmenyuko wa CO2 na kaboni unasawazika karibu na 700 °C kwa kanieneo ya angahewa moja. Kwenye 600 °C unaruhusiwa kwa sababu CO2 ni nyingi na CO ni kidogo, lakini mwendo wake bila potasiamu au metali ya kuusaidia ni wa kobe. Na silika yenye kromiamu inaendelea kuchoka hata CO2 ikiwepo. Kama kuna ufagio, ni wenye njiti tatu.

#5 Fundi_GC
Kabla hamjafika kwenye kromati, kuna kosa la msingi zaidi. Wengi wanalinganisha "na CO2" dhidi ya "bila CO2" huku wakibadilisha wingi wa propani.

Propani tupu, angahewa moja, 600 °C: msawazo unaruhusu karibu nusu tu igeuke. Propani ileile ikiwa 10% na 90% ni naitrojeni, msawazo unapanda hadi karibu 80%. Hakuna CO2 hata chembe hapo, ni gesi kupata nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo mtu akiongeza CO2 juu ya propani, nusu ya miujiza ni mchanganyiko kuwa mwembamba. Jaribio halali ni hili: propani 10%, CO2 30%, naitrojeni 60%, kisha propani 10%, naitrojeni 90%. Mtiririko wa jumla usibadilike, uzito wa kichocheo usibadilike, na kichocheo kiwe kipya kila mara. Usitumie kilichochoka jana.

Na naitrojeni isikosekane hata siku moja, kwa sababu ndiyo kipimio chako. Moli moja inakuwa mbili, ujazo unaotoka ni mkubwa kuliko ulioingia. Anayegawanya asilimia ya kutoka kwa asilimia ya kuingia bila kusahihisha kwa naitrojeni anasoma ubadilikaji (sehemu ya propani iliyogeuka) uliopotoka.

#6 Chekecheo
Shukrani kwa uzi. Naomba kujua kiwango sahihi cha kromiamu. Machapisho mengi yanasema 5% kwenye silika.

#7 Vinyweleo
5% haina maana mpaka useme silika ina eneo gani. Hesabu atomi kwa kila nanomita ya mraba. Silika ya 300 m² kwa gramu yenye kromiamu 5%: 0.05 ÷ 52 × 6.02×10²³, gawanya kwa 300×10¹⁸, unapata karibu 1.9. Silika haiwezi kushika kromati zilizotawanyika zaidi ya takriban 0.6 kwa nanomita ya mraba. Zinazobaki zinajikusanya kuwa fuwele za Cr2O3, kijani hata kabla ya kuanza. Kwa silika hiyo kaa kwenye 1.5%. Ukiwa na SBA-15 (silika yenye vinyweleo vilivyopangika) ya 700 m², unaweza kufika 3.6%. Alumina ni mkarimu zaidi, inashika kama 4 kwa nanomita ya mraba, ila uasidi wake unaipasua propani kuwa vipande vidogo na kukuletea masizi.

Namna ya kutengeneza gramu 10 za 1.5%:

Kausha silika saa 4 kwenye 120 °C. Pima gramu 1 na udondoshe maji huku ukikoroga mpaka chembe zianze kushikana. Hicho ndicho kiasi cha maji inachokunywa. Tuseme ni mililita 1 kwa gramu. Pima Cr(NO3)3·9H2O gramu 1.15, yeyusha kwa maji mililita 9.8, nyunyizia kidogo kidogo kwenye gramu 9.8 za silika. Acha saa 2, kausha usiku kucha kwenye 110 °C, choma tanurini kwa hewa kavu, joto likipanda 2 °C kwa dakika hadi 600 °C, likae saa 5.

#8 Kizibo
Sahihisho dogo kwa @Vinyweleo. Usiyeyushe chumvi KWA mililita 9.8 za maji. Yeyusha kwa maji machache kisha ongeza hadi mchanganyiko wote UFIKE mililita 9.8. Chumvi nayo ina ujazo. Ukizidisha, maji yanabaki nje ya vinyweleo, na yanapokauka yanaacha ukoko wa kromiamu juu ya chembe. Utauona: madoa ya kijani kwenye unga wa njano.

Na tabaka tanurini liwe jembamba, milimita chache, hewa ikipita. Bakuli lililojaa linafungia mvuke wake lenyewe, na mvuke wa moto unakusanya kromati kuwa fuwele. Unaweza kuwa na 1.5% safi kwenye karatasi na bado ukapata kijani.

#9 Vinyweleo
Kweli kabisa @Kizibo, nimekubali. Naongeza: naitreti hiyo inavuta unyevu hewani, chupa ifungwe. Chupa iliyolowana inakupa kromiamu pungufu kuliko mizani inavyosema.

#10 BintiOksidi
Na kabla Chekecheo hajawasha tanuru: ule unga wa njano ni kromiamu +6, inayosababisha saratani ikivutwa kwa pumzi. Usiusage mkavu mezani. Uusage na kuchekecha ndani ya kabati la kuvuta hewa, glavu za nitrili, barakoa ya kuzuia vumbi laini. Maji ya kuoshea vyombo yashushe hadi pH 2 au 3, tia bisalfaiti ya sodiamu mpaka rangi ya chungwa iwe kijani, kisha pandisha pH hadi 8 au 9 ili kromiamu ijikalishe chini. Usimwage sinki. Na usidanganywe na kichocheo kilichotumika kwa kuwa ni kijani: kikikutana na hewa kikiwa cha moto kinarudi njano.

Bomba la kutokea nalo lina CO. Lielekezwe nje, kitambuzi cha CO kiwe karibu na pua yako, si karibu na dari.

#11 Mchanga_wa_Pwani
Wakuu, propani safi ni ghali. Mtungi wa jikoni haufai kweli? Na gesi yetu ya Songo Songo je?

#12 Fundi_GC
Mtungi wa jikoni acha upike maharage. Ndani yake propani imechanganyika na butani kwa uwiano usiotabirika, mara nyingine na olefini kidogo, halafu imetiwa merkaptani ili inuke ikivuja. Hiyo ni salfa. Utapima tabia ya salfa na kuiita tabia ya CO2.

#13 Mlinganyo
Na gesi ya Songo Songo ni kavu: takriban 97% ni methani. Propani ndani yake ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa CO2 kanda yetu imejaliwa zaidi, kuna visima vya CO2 ya asili Rungwe, Mbeya, na Kereita kule Kiambu. Lakini CO2 inayotoka ardhini kwa kawaida inahitaji kuondolewa salfa kabla ya kukutana na kichocheo, kwa mfano kwa kupitishwa kwenye oksidi ya zinki ya moto. Turudi kwenye mada.

#14 Mizani_ya_Kaboni
Kwenye mada basi. Hakuna aliyegusa uteuzi (sehemu ya propani iliyogeuka ambayo imekuwa propilini), na hapo ndipo uongo mwingi umelala. Mfano wa hesabu, si matokeo ya mtu: zimeingia moli 100 za propani, zimebaki 70. Kwenye tokeo kuna propilini 21, ethilini 2, methani 2. Ukihesabu haidrokaboni peke yake: kaboni ya propilini 63, ya ethilini 4, ya methani 2, jumla 69. 63 ÷ 69 = 91%. Inapendeza. Lakini kaboni iliyotumika ni 30 × 3 = 90. Uteuzi halisi ni 70%. Kaboni 21 zimepotea.

Zimeenda wapi? Ama masizi, ama mmenyuko wa tatu ambao uzi huu umeusahau: C3H8 + 3CO2 → 6CO + 4H2, rifomingi kavu. Kaboni 21 ni propani 7, ambazo zikienda njia hiyo zinatoa CO 42, mara mbili ya CO yote ambayo propilini 21 zingeweza kuja nayo. Ukiona CO kwa propilini imepita 1, acha kujadili kromati, tafuta anayepasua propani. Mara nyingi ni bomba lako la chuma cha pua: lina nikeli na feri, na kwenye 600 °C linafanya kazi bila kuajiriwa. Tumia kwatzi, kipenyo cha ndani milimita 6 hadi 8, na fanya jaribio tupu lenye sufi ya kwatzi na mchanga wa kwatzi bila kichocheo. Ujaze nafasi iliyobaki chini ya kitanda cha kichocheo, maana gesi tupu ya moto nayo inapasuka kuwa ethilini na methani.

#15 Chekecheo
Swali la mwanafunzi: si tunaweza kujua CO imetoka kwa nani kwa kutumia CO2 yenye kaboni 13? CO ya uzito 29 imetoka kwa CO2, ya 28 imetoka kwa propani. Spektromita ya masi inatosha.

#16 Mizani_ya_Kaboni
Wazo zuri, chombo hicho peke yake hakitoshi. Kipande cha propani chenye ishara kubwa kuliko vyote kwenye spektromita ya masi kiko 29. Kwenye 28 wapo naitrojeni na ethilini, pamoja na kipande cha CO2 yenyewe ya kawaida iliyobaki. Utasoma supu. Tenganisha kwanza kwa kolamu ya kromatografia ya gesi ndipo uingize kwenye spektromita, au tumia mwanga wa infraredi: CO ya kawaida iko 2143 kwa sentimita, yenye kaboni 13 inashuka hadi karibu 2096, zinasomeka kando. Na badilisha naitrojeni kwa agoni.

Hata hivyo itakuambia kaboni tu. Haitakuambia kama oksijeni ilipitia kwenye kromiamu au ilikwenda moja kwa moja kwa H2.

#17 Nukta_Nane
Nirudi kwa mapigo ya @BintiOksidi kwenye #2, na kwa wale wanaosema "tumeacha kichocheo kwenye CO2 usiku kucha kikarudi kuwa +6". CO2 ya mtungi ina oksijeni. Tuseme sehemu 10 kwa milioni. Mtiririko mililita 30 kwa dakika, saa 12: oksijeni inayopita ni takriban mikromoli 9. Kichocheo gramu 0.3 chenye kromiamu 1.5% kina mikromoli 87 za kromiamu. Kutoka +3 hadi +6 kila moja inataka robo tatu ya O2, yaani mikromoli 65. Kwa hiyo uchafu wa mtungi peke yake unaweza kurudisha 14% ya kromiamu. Mtungi wenye sehemu 100 kwa milioni unairudisha yote asubuhi haijafika, na CO2 haijafanya kitu.

#18 BintiOksidi
Hoja nzito, naipokea. Lakini jibu lake lipo: mtego wa shaba iliyonyang'anywa oksijeni kabla ya kitanda. Halafu hesabu CO iliyotoka. O2 ya uchafu ikirudisha kromiamu haitoi CO. CO2 ikiirudisha inatoa. Na kwa masizi ya @TanuruLaUsiku: kinyang'anye kichocheo oksijeni kwa H2 badala ya propani, kisafishe kwa heliamu kwenye 600 °C saa 1, ndipo upige CO2. Masizi hayapo.

Sidai kwamba CO2 inairudisha kromati yote. Inairudisha sehemu, na sehemu hiyo inatosha kuzunguka.

#19 Mlinganyo
Ukitumia H2 unaacha haidrojeni kwenye hidroksili za silika na juu ya kromiamu. Pigo la kwanza la CO2 linakutana nayo. Fanya mapigo kumi. Kama CO inatoka kwenye pigo la kwanza na la pili tu, ni mabaki.

#20 MzeeWaOksidi
Vijana, mnabishana kana kwamba oksidi zote ni kromiamu.

Galiamu, kwa mfano. Ga2O3 haibadilishi chaji kirahisi kwenye joto hili. Inavunja kifungo cha C–H kwa kugawana, haidrojeni moja inakwenda kwa galiamu na nyingine kwa oksijeni. Hapo hoja ya Mlinganyo inakaa vizuri, CO2 inasafisha haidrojeni. Lakini kuna adhabu: CO2 ni asidi, inakalia maeneo yenye besi ambayo propani inayahitaji, na kwenye baadhi ya vibebeo ubadilikaji unashuka ukiiongeza.

Seria (oksidi ya seriamu) ni kinyume chake. Seria iliyopungukiwa oksijeni inaipokea kutoka CO2 na kutoa CO, hilo halina mgogoro. Weka kromiamu au vanadiamu juu yake, na BintiOksidi ana haki, ila oksijeni ya seria ina pupa, inaichoma propilini pia.

Ethilibenzini kwenda staireni ni habari nyingine. Kichocheo cha kiwandani ni oksidi ya feri yenye potasiamu, kinaendeshwa na mvuke kwenye 600 na kitu. Ukikitilia CO2 kinadhoofika, kwa sababu potasiamu iliyoshikana na feri inageuka kabonati. Ndiyo maana waliotaka CO2 walibadilisha kichocheo chenyewe. KRICT, taasisi ya utafiti wa kemia ya Korea Kusini, iliendeleza njia iliyoitwa SODECO2 kwa ajili hiyo.

#21 Mchanga_wa_Pwani
Ahsante mzee. Sasa kama CO2 inasaidia, mbona viwanda vya propilini haviitumii?

#22 MzeeWaOksidi
Joto na utenganishaji. Mchakato wa kiwandani wa Catofin una kromiamu kwenye alumina, unaendeshwa dakika chache kisha unapulizwa hewa; kuchoma masizi kunarudisha joto kitandani. Mwingine, Oleflex, unatumia platini na bati. Ukileta CO2 unapandisha deni la joto kutoka 124 hadi 165, na mwisho una propilini iliyochanganyika na CO, CO2, H2 na maji. Kila kimoja kina gharama ya kukitoa. Na mvuke unaozaliwa humo unakusanya kromiamu taratibu.

#23 Nukta_Nane
Turudi kwa @Mlinganyo. Pendekezo la kupima: chukua CO × H2O ÷ (CO2 × H2) kwenye tokeo. Ikiwa sawa na 0.4 kwenye 600 °C, gesi ya maji imesawazika.

#24 Fundi_GC
Na ikisawazika hujui lolote kuhusu njia. Hata oksidi ikizunguka, gesi zikikaa muda mrefu zitafika palepale. H2 nayo ipime kwa gesi beba (inayosukuma sampuli kwenye kolamu) ya agoni. Ukitumia heliamu kigunduzi cha upitishaji joto hakiioni vizuri. Na kolamu ya zeolaiti 5A usiipitishie CO2, inaimeza na baada ya siku chache CO na naitrojeni hazitengani tena. CO2 isomwe kwenye kolamu ya Porapak Q.

#25 Mlinganyo
Basi mimi naweka masharti yangu wazi. Punguza muda wa gesi kukaa kitandani: gramu 0.3, 0.2, 0.1, 0.05, ukijazia mchanga wa kwatzi ili urefu usibadilike, mtiririko uleule. Chora uteuzi wa CO dhidi ya ubadilikaji na uuvute hadi sifuri. Kama CO inatokana na H2 iliyokwisha kutoka, mstari unaishia sifuri. Ukiishia juu ya sifuri, CO inazaliwa pamoja na propilini, na nitalifuta dai langu la #1.

#26 BintiOksidi
Nakubali jaribio, kwa sharti moja. Usichukue vipimo vya dakika 10 za mwanzo. Kromati mpya inatoa propilini na maji kwa oksijeni yake yenyewe bila kuhitaji CO2, na mstari wako utapotoka kwa sababu isiyohusiana na dai lako. Subiri kigeuke kijani, dakika 30 hivi, ndipo uanze kusoma.

#27 TanuruLaUsiku
Dakika 30, na masizi yameshaingia kwa kiasi tofauti kwenye kila uzito. Gramu 0.05 itakuwa imeona propani mara sita zaidi kwa gramu kuliko ile ya 0.3. Mtasawazisha vipi?

#28 Mlinganyo
Kwa propani iliyopita kwa gramu, si kwa saa. Ile ya 0.05 isomwe dakika ya 30, ya 0.3 isomwe baada ya saa 3.

#29 BintiOksidi
Saa 3 kwenye mvuke wake wenyewe. @Kizibo, fuwele zitakuwa zimefika wapi?